Barua kwa mwanangu, baada ya India

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Hatujambo sote, masika yameanza kupiga mabati, na baba yako leo kaenda msikitini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Juzi uliniuliza kwenye simu India ilikuwaje, nikakujibu, "Nzuri." Najua ulishangaa. Siku kumi na nane za kuzunguka na shanta mgongoni, halafu mama mtu anajibu neno moja. Lakini nililokuwa nalo moyoni si la kusemwa baba yako akiwa pembeni na mtandao unakatikakatika. Nimeona nikuandikie.

Wewe India unaijua kwa upande mmoja: wodi, kantini, foleni ya duka la dawa, na lile dirisha uliloniambia linatazama ukuta. Wiki sita ulikaa Chennai na baba yako alipofanyiwa upasuaji, na nchi yenyewe hukuiona. Tangu mliporudi akawa na wimbo wake: "Nilikwenda India nimelala. Nataka niende nimesimama, na safari hii na mama yenu." Nilidhani ni maneno ya mtu aliyepona. Kumbe miaka yote minne anaweka akiba, kidogo kidogo, pembeni ya pensheni.

Shanta tulizobeba moja ni yako ile ya kijani ya shule ya bweni, nyingine tuliipata mtumbani. Tulizipima kwenye mzani wa duka la jirani: yangu kilo saba, yake nne, maana daktari alishasema asibebe kizito. Wapo waliotuuliza watu wazima na shanta wapi na wapi. Waliouliza hawajapanda ngazi za stesheni ya treni ya India na sanduku mkononi. Mzigo ukiwa mgongoni mikono inabaki huru, na mkono wangu mmoja safari nzima ulikuwa na kazi ya kumshika baba yako.

Tulishukia Mumbai. Kwenye Lango la India tulikaa nusu saa tu, jengo kubwa la mawe ya manjano lililomalizika 1924, linatazama bandari upande wa mashariki. Baba yako, ualimu wa jiografia haujamtoka, akaligeuzia mgongo, akanyoosha kidole kusini magharibi kukatiza mji mzima, akasema, "Tanga ni kule."

Jioni tukapanda treni ya Jaipur, usiku kucha na sehemu ya mchana. Hapa nataka nikueleze vizuri. Behewa letu lilikuwa la vitanda vya ngazi tatu: cha chini, cha kati kinachoshikwa na minyororo watu wakitaka kulala, na cha juu kabisa karibu na feni. Mimi nimepata cha kati, baba yako cha juu. Nikawa nawaza atapandaje. Ikafika saa mbili usiku, saa ya dawa zake, nikatoa karatasi. Ile uliyoibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni mliporudi kutoka Chennai: asubuhi hiki, usiku hiki, hiki baada ya kula, mistari umeipiga kwa rula, na chini umeandika kwa wino mwekundu, "Mama usisahau." Niliibandua nikaenda nayo.

Mbele yetu alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, sari ya zambarau, yuko na kijana wake. Alikuwa akitutazama. Akaonyesha vile vidonge akaniuliza, "Dawa?" Nikamjibu, "Dawa." Tukatazamana, kila mmoja anashangaa mwenzake kalitoa wapi neno lake. Shati la baba yako lilikuwa wazi kifungo cha juu, na ule mshono unavyoanzia karibu na koo unaujua. Yule mama akauona. Akaweka kidole chini ya shingo yake mwenyewe, akakiteremsha polepole hadi kifuani, akaniinulia nyusi. Nikatikisa kichwa kumwambia ndiyo. Hakusema kitu tena. Akasimama, akakunja shuka lake, akamwambia kijana wake maneno mawili matatu, na kitanda cha chini kikawa cha baba yako. Yeye, na umri wake, akapanda juu.

Nikamfungulia baba yako kanga yangu moja. Nyingine nikaifunga kama pazia, baba yako asipigwe na taa za stesheni. Ile ya pazia pindoni imeandikwa kuwa imetengenezwa India, kwa hiyo ilikuwa imerudi kwao. Alfajiri wakaanza kupita wauza chai, "chai, chai, chai," nikiwa bado nimefumba macho, na kwa muda mfupi nikajiona nipo kwenye basi, tumesimama Segera.

Jaipur ni mji uliojengwa kwa mpango tangu 1727, na nyumba za mji wa zamani zimepakwa rangi ya waridi iliyokolea. Hawa Mahal, yaani Kasri la Upepo, utakuwa umeiona kwenye picha: ukuta wa ghorofa tano uliojaa madirisha madogo, 953 kwa hesabu yao, umejengwa 1799 ili wanawake wa kasri watazame barabara bila kuonekana. Nilichungulia kwenye kimoja. Upepo unaopita pale ni baridi kweli, hata nje kukiwa jua kali. Lakini sikuweza kukaa muda mrefu. Niliwaza wale wanawake, miaka na miaka wanautazama ulimwengu kupitia tundu la ukubwa wa kiganja.

Baba yako yeye mji wake wote ulikuwa Jantar Mantar, uwanja wa ala za kupimia jua na nyota zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Kuna saa ya jua yenye urefu wa mita 27. Kivuli chake ukikitazama kwa makini unakiona kinatembea. Alikaa pale saa nzima na zaidi, na saa yake ya mkononi, anapiga hesabu kwenye daftari, kisha akaniita kwa furaha kama mwanafunzi: jua la Jaipur liko nyuma ya saa ya serikali kwa karibu dakika 27, kwa sababu India yote inatumia saa moja na Jaipur iko magharibi. Nikamwona nywele zilivyojaa mvi, kofia kaivua, jasho kwenye paji la uso, na nikakumbuka jinsi nilivyokaa Tanga nikingoja simu yako ya kuniambia wamemtoa chumba cha upasuaji.

Agra tuliingia Alhamisi usiku. Mimi ndiye niliyepanga siku, na sikujua kuwa Ijumaa Taj Mahal inafungwa, hawaingii ila wakazi wa pale kwa ajili ya sala. Asubuhi tukaambiwa gesti. Baba yako alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi Ijumaa ni Ijumaa." Tiketi zetu za kwenda Delhi kesho yake alfajiri tukaziacha zipotee. Mwanangu, sasa naona afadhali ilivyokuwa hivyo, maana Ijumaa ile ndiyo iliyonifanya nikae kukuandikia.

Tulikwenda kwenye Ngome ya Agra, ile nyekundu. Upande wa mtoni kuna mnara wa marumaru nyeupe wenye pembe nane, nguzo zake zimechorwa maua ya vito. Mfalme Shah Jahan, yule aliyejenga Taj kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, alimalizia maisha yake hapo. Aliugua 1657, wanawe wa kiume wakapigana kwa ajili ya kiti, Aurangzeb akashinda, na 1658 akamfungia baba yake ndani ya ngome. Miaka minane. Kutoka pale unaliona kaburi la mkewe mbali kidogo, ng'ambo ya kona ya mto Yamuna, jeupe kama yai.

Hayo kila mtu anayasimulia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mzee yule hakuwa peke yake. Binti yake mkubwa, Jahanara, alikwenda kukaa naye kifungoni. Alipofiwa na mama yake 1631, Mumtaz akijifungua mtoto wa kumi na nne, Jahanara alikuwa na miaka 17, na tangu hapo ndiye aliyekuwa bibi mkubwa wa ufalme. Alikuwa na mali yake mwenyewe, hata jahazi za biashara. Mwaka 1644 nguo yake ilishika moto akaungua vibaya, na baba yake akamuuguza kwa mikono yake. Zamu ilipogeuka, binti akaacha kila kitu akaingia ngomeni, akakaa na baba yake mpaka alipofariki Januari 1666.

Nilisimama pale nimeshika ukuta. Nilikukumbuka una miaka sita, una malaria, baba yako kakufunga mgongoni kwa kanga yangu anakimbia nawe barabarani usiku kwa sababu gari halikupatikana. Na nikakukumbuka una miaka ishirini na saba, unasaini karatasi za hospitali Chennai.

Baba yako aliswali Ijumaa kwenye msikiti mkubwa mbele ya ngome. Alipotoka akaniambia kasikia kwamba msikiti ule ulijengwa na binti huyo huyo, ukakamilika 1648. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaanza kulia kidogo, nikamwambia ni vumbi.

Jumamosi tuliingia Taj kabla jua halijatoka vizuri, ukungu umelala juu ya mto. Sitakuelezea uzuri wake, umeuona kwenye picha na picha hazidanganyi. Nitakueleza ambalo picha hazionyeshi. Juu ya lango kuu kuna maandishi meusi ya Kiarabu kwenye marumaru, na baba yako akaanza kuyasoma kwa sauti. Ni Suratul Fajr. Herufi za juu zimechorwa kubwa kuliko za chini ili mtu aliye chini azione sawa zote. Akasoma mpaka pale nafsi iliyotulia inapoitwa irudi kwa Mola wake ikiwa radhi na imeridhiwa. Watu wakawa wanapiga picha, wanatupita, na sisi wawili tumesimama tunasoma ukuta kama tupo chuoni kwa maalim.

Kisha tukafika kwenye kaburi lenyewe, na maandishi yanayozunguka yale matao makubwa ni Yasin. Mama'ngu, Yasin! Usiku ule wa upasuaji tulikaa sebuleni na shangazi zako na majirani tukaisoma mpaka sauti zikakauka. Wewe upo kule kwenye benchi la hospitali, mimi niko huku na msahafu. Na sasa yule tuliyemsomea amesimama mbele yake, anaisoma mwenyewe, hana hata pumzi ya kukatika. Nikagusa ukuta. Jiwe lilikuwa baridi na laini kama sahani iliyooshwa.

Delhi tulikaa siku nne. Qutb Minar, mnara wa mita 73 hivi, ni mrefu mpaka shingo inauma, na karibu yake kuna nguzo ya chuma ya zaidi ya miaka 1,600 ambayo haijaoza kwa kutu. Soko la Chandni Chowk limejaa watu kuliko soko lolote nililoliona, nalo pia alilipanga Jahanara. Lakini mimi nilikuwa na safari yangu. Nilimwomba baba yako anipeleke Nizamuddin, kwenye ziara ya walii wa jina hilo aliyefariki 1325, kwa sababu nilisikia binti yule kazikwa hapo.

Unapita vichochoro vya wauza waridi na ubani, unavua viatu, na pembeni ya uwanja kuna uzio mdogo wa marumaru iliyotobolewa. Ndani yake kaburi halina paa. Juu yake hapakuzibwa kwa jiwe, pamejazwa udongo tu, na majani yameota. Kwenye jiwe la kichwani yapo maneno ya Kiajemi yanayoomba kaburi lake lisifunikwe na kitu ila majani, maana hayo yanamtosha. Alifariki 1681. Baba mtu yuko chini ya kuba linalojulikana dunia nzima, na binti aliyemuuguza yuko chini ya majani, watu wengi wanampita wakienda kwa walii.

Nikakaa chini pale, na nikakumbuka maneno niliyokuambia jikoni usiku mliorudi. Kazini walikupa wiki mbili, ukakaa sita, ukakuta nafasi yako ina mtu. Mimi badala ya kukupokea nikasema, "Angekwenda kaka yako ambaye hana kazi. Sasa umepata nini?" Hukunijibu. Ulimaliza kuosha vyombo, ukafuta meza, ukachukua rula, ukakaa kupiga mistari ya ile karatasi ya dawa.

Miaka minne sijawahi kuyarudia maneno yale, na wewe hukuwahi kunikumbusha. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hofu ya maisha yako, lakini hayo si udhuru. Niwie radhi, mwanangu. Ulifanya ambalo mimi nilitakiwa nilifanye na sikuweza, na ukalifanya peke yako katika nchi usiyoijua. Na mimi, kama mama yako, nakupa radhi zangu zote, za siku ile na za leo. Pale kwenye majani nilisoma Fatiha, nikataja jina lake, kisha nikataja lako.

Mzigo wako umo kwenye shanta ya kijani: kitambaa cha pamba cha Jaipur, na kikombe cha udongo cha chai ya treni, nimekiviringisha kwenye soksi na hakikuvunjika. Karatasi ya dawa imechanika kwenye mikunjo, na moja ya zile dawa daktari ameshaibadilisha. Ukija Idi niandikie nyingine, kwa mwandiko wako, na usiache ule mstari wa chini wa wino mwekundu.

Mama yako,
Tanga