Kama siwezi kubaki nacho, msiandike "nunua"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu maana hili jambo limenikaa rohoni karibu mwezi sasa. Kuna muvi ya katuni nilimnunulia binti yangu kwenye duka moja la mtandaoni, na nasema nilinunua kwa sababu kulikuwa na vitufe viwili, "kodi" na "nunua", cha kununua bei yake ilikuwa juu zaidi na mimi nikalipa hiyo ya juu makusudi ili iwe yetu. Juzi mtoto anaitafuta haipo. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa eti mkataba wao na wenye muvi umeisha na kwamba nilishakubali vigezo na masharti siku nafungua akaunti. Hela hawajarudisha mpaka leo.

Sasa kununua maana yake nini jamani? Kitabu cha karatasi nikishakilipia naweza kuazimisha, kuuza, hata kuwaachia wanangu, na duka likifilisika kesho kitabu bado kiko kabatini kwangu. Hiki cha kwenye simu ukiyasoma yale masharti (safari hii nimekaa nikayasoma yote, yalinichukua jioni nzima) unakuta ulichopewa ni leseni tu, yaani ruhusa ya kutazama mpaka wao watakapoamua basi.

Na hili halijaanza jana. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya Kindle (vile vifaa vyao vya kusomea vitabu) za wateja waliokwisha kuvilipia, kisa aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Walirudisha hela na bosi wao wa wakati huo, Jeff Bezos, mwenyewe akaomba radhi, lakini kuna mwanafunzi kule Marekani alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo humohumo, yakawa hayana maana tena, akaenda mahakamani. Mwaka 2019 Microsoft nao wakafunga duka lao la vitabu na vitabu vyote vikaacha kufunguka, ila angalau walirudisha hela za watu, na waliokuwa wameandika maelezo waliongezewa dola 25. Linaloniuma zaidi ni la Machi 2024, kampuni ya magemu ya Ubisoft ilipozima seva, yaani kompyuta zake za mtandaoni, za The Crew, gemu la magari lililotoka 2014. Hilo hata mwenye diski yake mkononi, aliyeinunua dukani kabisa, hakuweza tena kulicheza hata akiwa peke yake, kwa sababu lilitengenezwa lisiwake mpaka liongee na seva ya kampuni. Yaani diski unayo, mashine unayo, umeme unao, na bado huna gemu.

Hizi huduma za kulipia kila mwezi mimi sina ugomvi nazo, pale kila mtu anajua ukiacha kulipa wanakata. Ugomvi wangu ni hilo neno.

Jimbo la California tangu tarehe 1 Januari 2025 lina sheria kwamba muuzaji wa vitu vya kidijitali haruhusiwi kuandika "nunua" bila kumwambia mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni, isipokuwa kama ni kitu unachoweza kukipakua ukabaki nacho moja kwa moja hata bila intaneti. Nimefurahi kuisikia, lakini naona bado ni nusu ya kazi maana kuambiwa ukweli hakunirudishii muvi. Ningependa sheria iseme kampuni ikiondoa kitu nilichokilipia bei ya kununua, basi inipe faili lenyewe kabla haijaondoa, ikishindwa inirudishie hela yangu yote bila mimi kubembeleza. Na wasituambie haiwezekani, duka la mtandaoni la GOG linauza magemu miaka mingi sasa na unapakua faili la kuinstoli, unaliweka kwenye diski ya kompyuta yako, hata akaunti ikifungwa faili unalo.

Kwa sasa nyumbani kwangu kabla ya kulipia chochote tunaangalia kwanza kama kuna sehemu ya kupakua faili. Kama hakuna, tunabonyeza "kodi".

Mzazi na msomaji wenu wa siku nyingi