Mrudishie bibi yako ndonya

Newala

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, korosho zimeanza kuanguka. Picha ya bibi yako uliyoichora ukanitumia nimeiona. Macho umeyapatia hasa, ndiye yeye, anakutazama kama amekukuta unadokoa karanga. Ila uso umeung'arisha, chale za mashavuni umezifuta, na mdomo wa juu umeuziba kana kwamba hakuwahi kuvaa ndonya, lile pambo letu la mdomoni.

Najua kwa nini. Huko Dar umeshasikia wanavyotucheka Wamakonde. Mama naye alichekwa sana, na sikumwona hata siku moja akiuficha mdomo kwa kiganja.

Tazama mapiko ya kale, vile vinyago vya kuvaa ngomani. Ndonya ipo, chale zipo. Ng'ambo ya Ruvuma, kule Msumbiji, enzi za Wareno, wenzetu walimchonga hadi mkoloni mwenyewe, wakamchezesha ngomani watu wakacheka. Ulikuwa ujasiri huo, si mzaha tu. Ndiko huko huko Mueda Wareno walikowamiminia watu risasi tarehe 16 Juni 1960.

Halafu mtafute kwenye simu mama mmoja mweusi wa Marekani, Elizabeth Catlett, ambaye bibi na babu zake walizaliwa utumwani. Kuna picha aliichonga kwenye linoleamu mwaka 1952, kisha akaichapa: mama anayelima shamba la mwingine. Kavaa kofia pana ya majani, na koti kalifunga kwa pini. Hiyo pini ndiyo nataka uitazame. Angeweza kumwekea kifungo, amsitiri, na hakuna ambaye angejua. Kaiacha pini, shingo kainyoosha, na ukimtazama yule mama ni wewe unayeinamisha macho. Msimamo wake ulimponza: alipochukua uraia wa Mexico, Marekani ikamfungia mlango kwa miaka.

Basi rudia. Kwenye ngozi usitie nyeupe. Mama alikuwa mweusi wa mpingo, na juani weusi ule ulikuwa na ubuluu ndani yake. Kwa chale, mama mkubwa wa Kitangari ana picha yake ya zamani, nimemwambia aipige akutumie. Ndonya yenyewe ninayo kashani. Jumamosi nampa dereva wa basi, ukaipokee stendi, uiweke mezani unapochora.

Ikipotea, utanitambua.

Mama yako