Wanaokimbia kupunguza mwili wasinyimwe chakula

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wa mazoezi, viongozi wa vikundi vya jogingi na hasa dada zetu wanaotaka kupunguza mwili. Nimefundisha Baiolojia sekondari hadi nilipostaafu, na sasa ni mlezi wa kikundi cha jogingi hapa Kihonda, Morogoro. Ninachotaka kusema ni kimoja: anayefanya mazoezi ili apungue anatakiwa kula, na ale cha kutosha. Kinachofundishwa mitaani sasa ni kinyume chake, na kinaumiza watu.

Mazoezi yenyewe nayaunga mkono kwa nguvu zote. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa nchi hii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Presha na kisukari tunavijua, tumeshazika ndugu. Kwa hiyo nikiona Jumamosi alfajiri barabara imejaa watu wa tisheti za rangi moja, wanaimba na kupiga filimbi, nafurahi sana. Shida inaanza mbio zikiisha, watu wanapofungua simu kutazama ratiba ya chakula.

Ratiba hizo zinauzwa. Iliyonifikia mkononi ilitoka kwa mwalimu wa jimu moja ya mjini, simtaji, na aliyeinunua ni binti wa kikundi chetu anayeshona nguo karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Sendofu yake ilikuwa inakaribia, gauni limeshakatwa, akatoa shilingi elfu hamsini kwa programu ya siku 14. Asubuhi maji ya vuguvugu na ndimu. Saa nne chai ya tangawizi bila sukari. Mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango. Saa kumi tufaha moja. Jioni bakuli la supu ya kabichi, na baada ya hapo mdomo ufungwe. Chini, kwa herufi kubwa: hakuna ugali, hakuna wali, hakuna mkate, hakuna viazi. Halafu mstari wa mwisho unamtaka akimbie kilomita 8 kila siku.

Nilipata kuiona ratiba hiyo baada ya yeye kukaa chini ghafla kando ya barabara siku ya mbio. Jasho la baridi lilikuwa linamtoka, mikono inatetemeka, swali anaulizwa mara mbili ndipo ajibu. Wenzake wakasema ni presha imeshuka, wakaanza kumpepea. Nilimpa chai yenye sukari ya kutosha na ndizi mbivu, na baada ya robo saa hivi akawa anazungumza vizuri. Nikamuuliza jana yake alikula nini. Akanionyesha simu.

Siku iliyofuata nilimfuata kwenye cherehani yake na kalamu, tukapiga hesabu pamoja. Mayai mawili ni kalori kama 150. Tango kubwa ni 45 hivi. Tufaha, tuseme 90. Supu ya kabichi isiyo na mafuta tuliipa 60. Jumla haifiki 350. Tukaja upande wa matumizi. Mtu akikimbia anatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Yeye ana kilo 80, kwa hiyo kilomita 8 ni kalori 640 hivi. Chakula cha siku nzima hakitoshi hata mbio za asubuhi! Na hapo bado moyo, ubongo, ini, figo, mapafu na sehemu nyingine za mwili, ambavyo kwa mwanamke wa miaka 32 mwenye uzito huo na kimo cha sentimita 158 vinahitaji karibu kalori 1,470 hata akishinda kitandani.

Akanijibu jibu ambalo wote hulitoa: "Lakini Madam, wiki ya kwanza nimeshusha kilo nne."

Ni kweli mzani ulishuka, nami sikumbishia. Nilimwomba tuendelee na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Kilo nne ni kalori 30,800. Ukigawa kwa siku 7 unapata 4,400 kwa siku, na yeye hata afanye nini hawezi kutumia kiasi hicho zaidi ya anachokula. Basi zile kilo nne hazikuwa mafuta yote, wala hata nusu yake. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake imeshikana na gramu kama 3 za maji. Ukiacha wanga kabisa na huku unakimbia, akiba hiyo inaisha ndani ya siku chache na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Mzani unashuka, mtu anashangilia. Jumapili akila sahani moja ya pilau kwenye shughuli, maji yanarudi, Jumatatu mzani umepanda, naye anaamini kwamba wali ndio adui yake. Wauza ratiba wanaishi kwa maji hayo.

Madhara yenyewe yanakuja baadaye. Mwili uliokosa kalori ni kama nyumba ambayo kipato kimekatwa ghafla: unapunguza matumizi kimyakimya na kuuza vyombo. Misuli inavunjwa ili ubongo upate sukari yake, na misuli ndiyo ile tuliyotoka jasho kuijenga. Mapigo ya moyo yanapungua, mikono na miguu inakuwa ya baridi, nywele zinakatika, usingizi unapaa, hasira zinakuwa karibu. Kwa wanawake hedhi inapishana, na kwa wengine inakata kabisa, kwa sababu mwili hauwezi kupanga mimba wakati wenyewe hauna chakula. Hedhi ikikata kwa sababu hiyo mifupa nayo inaanza kupoteza nguvu. Binti zangu wa kikundi wamewahi kuniambia kwa furaha kwamba siku zao zimekoma "kwa sababu ya mazoezi". Hapana, wanangu. Mazoezi pamoja na chakula cha kutosha hayakati hedhi ya mtu. Ikipita miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali, na umweleze daktari unakula nini.

Haya yalijulikana zamani. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume, wenye afya, waliojitolea kwa hiari yao. Vita ilikuwa imeacha watu wengi Ulaya na njaa, na wanasayansi walitaka kujua namna ya kuwarudishia afya. Kwa miezi sita vijana wale walipewa kalori 1,570 hivi kwa siku, karibu nusu ya waliyohitaji, huku wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wa kiangazi, walipata kizunguzungu, nywele zilikatika, walikosa raha, na mawazo yao yote yakawa chakula: wakiota chakula, wakikaa kusoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, wapo waliokula hadi tumbo likauma na bado wakasema wana njaa. Sasa msomaji alinganishe. Wale walipewa zaidi ya mara nne ya kilichomo kwenye ratiba ya binti wa cherehani, na walikuwa wanatembea tu. Mtu anayetoka kwenye ratiba kama hiyo akashindwa kujizuia mbele ya maandazi huambiwa hana nidhamu. Mwili wake unadai haki yake.

Na kaka zetu wasidhani haya ni ya wanawake peke yao. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na ikasema wazi kwamba wanaume nao wanapata. Naona vijana wa mazoezi ya vyuma wanaotaka kukata tumbo, wanakula mara moja kwa siku na kunyanyua mizigo mara mbili.

Sasa ale kiasi gani? Kwa binti huyu, ukijumlisha kazi yake na mbio, mahitaji yake ya siku ni kama kalori 2,200. Akipunguza 500 anabaki na 1,700, na kwa kiasi hicho atapungua karibu nusu kilo kwa wiki, kilo mbili kwa mwezi, ya mafuta zaidi kuliko misuli. Ni polepole, najua, na sendofu haisubiri. Gauni linaongezwa kitambaa pembeni. Yeye mwenyewe ndiye fundi, analijua hilo kuliko mimi.

Kalori 1,700 ni chakula cha kweli, cha sokoni kwetu. Kabla ya kukimbia ndizi mbivu moja. Akirudi, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 250, mayai mawili, na kikombe cha chai ya maziwa isiyo na sukari. Mchana ugali wa gramu 100 za unga, ambao nimeupima kwenye mzani wa muuza duka jirani na kuusonga mwenyewe, na ni tonge za kutosha kabisa. Pamoja nao kikombe cha maharage, mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, na chungwa. Jioni ndizi za kupika mbili, dagaa na kachumbari. Hapo mtu amekula mara tatu, amepata wanga wa kumkimbiza na protini ya kulinda misuli yake, na bado anapungua. Dagaa na maharage si chakula cha kuonea aibu. Protini ya kopo inayouzwa kwa makumi elfu haina cha ajabu kinachoyashinda.

Pa kupunguza papo, tena pengi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na wengi wetu tunamimina kwa kukadiria kwa macho, vijiko sita saba kwenye sufuria moja ya mboga. Soda ya nusu lita ni kalori 200 hivi. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, ni karibu 190. Chipsi za usiku sizitaji. Mtu akirekebisha hayo tu, zile kalori 500 anazipata bila kugusa ugali wake. Mimi hukasirika nikisikia mwalimu wa mazoezi anakataza ugali halafu hasemi neno juu ya mafuta.

Wenzangu Waislamu huniuliza: mbona tunafunga mwezi mzima na hatudhuriki? Nami nafunga. Mfungo wetu una futari na una daku, na mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa yao. Hakuna aliyeamrishwa kukimbia kilomita 8 huku amekula tango. Na kwa jambo la kisukari naomba nieleweke vizuri: anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, akikimbia bila kula anaweza kuzimia na hata kupoteza maisha. Huyo asianze ratiba yoyote kabla hajaonana na daktari wake, na kiongozi wa kikundi lazima ajue nani katika kundi lake ana kisukari na abebe kitu cha sukari mfukoni. Kwetu hilo ni sharti sasa.

Kwa walimu wa mazoezi nina ombi. Kabla ya kupasha misuli, waulizeni watu wamekula nini jana na leo. Anayesema maji ya ndimu tu, mwambieni atembee siku hiyo, asikimbie. Na msiuze ratiba moja kwa watu wote. Mama wa kilo 110 na binti wa kilo 62 hawawezi kula karatasi moja. Kama hukusomea lishe, sema hukusomea, umpeleke mtu kwa afisa lishe. Maafisa hao wapo kwenye halmashauri zetu, wanalipwa na serikali, na ushauri wao hauuzwi elfu hamsini.

Kwa halmashauri ombi langu ni kwamba kwenye mabonanza ya jogingi, ambako tunapimwa presha na sukari bure na kusikiliza hotuba za wageni rasmi, pawepo na meza ya afisa lishe, mwenye mzani wa chakula, unga, mchele na chupa ya mafuta, awaonyeshe watu kwa macho kalori 100 za kila kimoja zinavyoonekana.

Na kwako, Mhariri: ukurasa wako wa afya utoe kila wiki jedwali dogo la kalori za vyakula vyetu, makande, kisamvu cha nazi, mihogo, vitumbua, chapati, supu ya utumbo, samaki wa kukaanga na wa kuchemsha, kwa kipimo cha kikombe na kijiko. Binti zangu wanaijua tayari hesabu ya shayiri na maziwa ya lozi kutoka kwenye simu zao, vitu ambavyo dukani kwetu Kihonda havipo.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro