Tuchangie Hesabu ya Watoto wa Likoni Kabla ya Kuchimba Msingi

Assalamu alaykum, na salamu kwa majirani wote wa Likoni, wa kisiwani Mombasa, na nyinyi mlio mbali na nyumbani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, tutakutana uwanja wa madrasa kwa harambee. Lengo letu ni shilingi 190,000. Pesa hizi si za mawe wala mabati. Ni za kuhesabu watoto nyumba kwa nyumba katika wadi za Bofu na Timbwani, ili chekechea na kituo cha kulea watoto tunachotaka kujenga kiwe pale watoto walipo. Tunajua mkono hufunguka haraka mtu akiona ukuta unapanda. Lakini ukuta ukishapanda pasipo watoto, hauhamishiki.

Takwimu za serikali tunazo na tunaziheshimu. Sensa ya 2019 iliwapata watu 1,208,333 Mombasa, katika kaya 378,422, yaani watu 3 na kidogo kwa kila kaya. Jirani zetu wa Kwale walikuwa watu 5 kwa kaya, Kilifi karibu 5, Mandera karibu 7. Nairobi hawakufika 3. Wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Ndani ya Mombasa, Likoni ilikuwa na watu 250,358, ya pili baada ya Kisauni yenye 291,930, na Mvita ilikuwa na 154,171.

Anayesoma haraka atasema Mombasa haina watoto wengi, peleka chekechea Kwale. Hapo ndipo anapopotea. Sensa huhesabu kaya kwa chungu: wanaokaa pamoja, wakapika na kula pamoja, chini ya mkuu mmoja. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Vitano vimepangwa na vijana wa vibarua vya bandarini, kila mmoja na stovu yake. Cha sita yuko mama na watoto 6. Hizo ni kaya 6 zenye watu 12, wastani watu 2. Watoto sita wamo humo humo, ila kwenye wastani hawaonekani. Mji wa bandari umejaa nyumba za aina hiyo, na watoto huishia kule kodi ya chumba inakoshuka, si kule barabara ilikonyooka.

Kuna na la pili. Sensa ile ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, mwishoni mwa likizo ya shule. Mtoto aliyekuwa kwa bibi yake Kaloleni, kule Kilifi, alihesabiwa Kaloleni. Na watoto waliokuwa wachanga usiku ule, leo wameshapita umri wa chekechea.

Kazi yenyewe itakwenda hivi. Tumechora ramani ya vipande 6 ndani ya Bofu na Timbwani, vyenye jumla ya kaya kama 3,000. Wahesabu 20 na wasimamizi 4 watafunzwa siku mbili. Kila mlango utaandikwa namba kwa chaki, milango ya uani ikiwemo, maana hiyo ndiyo husahauliwa. Swali la kwanza mlangoni si "mko wangapi?" bali "humu kuna vyungu vingapi?" Kisha kwa kila chungu: watoto walio chini ya miaka 7, mvulana au msichana, na mwezi na mwaka wa kuzaliwa kama ulivyo kwenye kadi ya kliniki. Umri wa kukisia hatuutaki. Mzazi akiulizwa umri bila kadi, mtoto wa miaka 4 na miezi 8 huitwa wa miaka 5, na darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, linapungukiwa watoto kwenye karatasi tu. Majina hatuandiki.

Yanayoharibu hesabu tunayajua. Mchana vyumba vimefungwa, watu wamevuka feri, kwa hivyo tutapita kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na mlango uliofungwa utarudiwa mara tatu kabla ya kuandikwa hauna mtu. Mtoto mchanga hurukwa, kwa sababu mzazi akisikia "watoto" anafikiria wanaotembea, kwa hivyo wachanga tutawauliza kando. Mtoto anayekula kwa bibi na kulala kwa mama huhesabiwa mara mbili, basi sisi tutamwandika anapolala. Mwenye nyumba hudhani ni mambo ya kodi ya serikali, ndiyo maana mzee wa mtaa atatangulia. Na wako mama wasiopenda kutaja idadi ya watoto wao kwa kuogopa kijicho. Huyo asibishiwe. Mhesabu mwanamke ataomba kuziona kadi, aandike, anyamaze.

Faida ya kuandika mwezi na mwaka ni kwamba hesabu haizeeki haraka. PP1 ni ya miaka 4, PP2, mwaka wa pili, ni ya miaka 5. Walio na miaka 2 leo watabisha hodi PP1 baada ya miaka miwili, na walio chini ya hapo ndio wa kituo cha kulea, ambao mama zao huwahi feri ya alfajiri. Ramani itaonyesha pia ni wangapi wanaolazimika kuvuka barabara kuu ya kwenda Ukunda. Kwetu sisi mita 300 zenye barabara ile katikati ni mbali kuliko mita 700 za vichochoroni.

Sasa matumizi. Posho ya wahesabu 20 kwa siku 10, shilingi 500 kwa siku, ni 100,000. Kila mmoja atafanya kaya 15 kwa siku. Ukimsukuma zaidi ataanza kujaza fomu akiwa chini ya mwembe. Wasimamizi 4 kwa siku hizo 10, shilingi 800 kwa siku, ni 32,000. Fomu 3,000 ni 15,000. Kurudia kaya 300, moja katika kila kumi, kwa mhesabu tofauti, ni 10,000, na hapa hatupunguzi hata senti. Kuingiza fomu kwenye kompyuta siku 20 ni 20,000. Chai na maandazi ya mafunzo, 7,200. Mbao za kuandikia, 3,600. Chaki na penseli, 2,200.

Pesa zikipungua, tutahesabu vipande vichache kikamilifu, si vyote nusunusu. Zikizidi, ziada itaingia kwenye mfuko wa ujenzi.

Michango inapokelewa na mweka hazina madrasani kila siku baada ya swala ya alasiri, na kanisani kila Jumapili baada ya ibada. Usiondoke bila risiti. Asiye na pesa alete kompyuta ya kuazima kwa siku 20, au ajitolee kuwa mhesabu: awe anasoma na kuandika vizuri, na asiwe mkazi wa kipande atakachohesabu. Wanawake tunawahitaji zaidi. Majina yaandikishwe kwa mzee wa mtaa kabla ya Ijumaa ya wiki ya harambee.