Picha yako ya nyuzi 360 ni safi kwenye simu, mbona kwenye tovuti ina ukungu?

Wiki iliyopita mteja mmoja alitupigia simu akiwa amekasirika. Ana nyumba ya wageni, na tulikuwa tumemwekea picha tatu za kuzunguka kwenye mfumo wake wa kuhifadhi vyumba, zile ambazo mgeni anaburuta kwa kidole na kukiona chumba chote. "Mmeniharibia picha," alisema. "Kwangu ni safi, kwenu zina ukungu. Nimelipa ya nini?"

Lalamiko hili limekuwa la kila mara, na tunajua linavyouma mtu aliyetoa pesa yake. Lakini picha hizo hatukuziharibu sisi.

Picha ya aina hii huwa na upana mara mbili ya kimo chake, kwa sababu imebeba nyuzi 360 za kuzunguka na nyuzi 180 kutoka darini hadi sakafuni. Ukiifungua kama picha ya kawaida unaiona yote, imebanwa kwenye kioo cha simu, kwa hiyo lazima ionekane safi. Ndani ya mfumo, mtazamaji huona kama nyuzi 90 tu kwa wakati mmoja. Hiyo ni robo ya upana, na robo hiyo ndiyo inayotanuliwa ijaze kioo kizima. Picha za mteja wetu zilikuwa na upana wa pikseli 1,600, yaani vinukta vinavyounda picha. Robo yake ni pikseli 400. Ung'avu ambao haumo kwenye faili hatuwezi kuutoa popote.

Mpiga picha alikuwa amempa faili zenye upana wa pikseli 8,192. Mteja akatutumia kwa meseji kwa kuwa ni haraka, na programu ya meseji ikazipunguza njiani. Siku ile ile tulimwomba faili za asili, akajibu tuweke hizo hizo. Tunawaomba sana: tumeni kama dokumenti, au pakieni kwenye hifadhi ya mtandaoni na mtupe kiungo. Meseji mara nyingi hufuta pia zile taarifa za ndani ya faili zinazoeleza picha imefunika nyuzi ngapi, nasi tunabaki kupima kwa macho.

Mwingine alikuja na shida ya kinyume. Picha yake ilikuwa na pikseli 16,000 kwa upana, akataka iwekwe nzima nzima, akikataa kulipia kazi ya kukata vigae, yaani kuigawa picha vipande vidogo vya mraba. Kwenye kompyuta yake ilifunguka vizuri. Wateja wake wenye simu za zamani wakaona weusi mtupu. Kila chipu ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, ina kikomo cha ukubwa wa picha inayoweza kuipokea kwa mkupuo mmoja, na kwenye baadhi ya simu kikomo ni pikseli 4,096. Halafu kuna kumbukumbu ya simu. Hata picha ya 8,192 kwa 4,096, ambayo kama faili ni megabaiti chache, ikifunguliwa inakuwa pikseli zaidi ya milioni 33, kila moja baiti 4. Hizo ni megabaiti 134 kwa chumba kimoja.

Ndiyo maana tunaigeuza picha kuwa nyuso sita za mchemraba, kisha kila uso tunaukata vigae vya pikseli 512, kwa ngazi kadhaa za ukubwa. Simu inapakua vigae vya pale mtu anapotazama, na akivuta karibu vinakuja vyenye undani zaidi. Tunatumia programu za bure za kuonyesha picha hizi, kama Pannellum na Marzipano, wala hatufichi. Mnapouliza kwa nini mtulipe wakati programu ni ya bure, jibu ni kwamba hata cherehani ikiwa ya kupewa, nguo bado inashonwa na fundi. Tunajaribu kila picha kwenye simu dhaifu kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Njia ya mkato iliyowagharimu wengi zaidi ni panorama ya simu. Mwenye duka la samani alisimama katikati, akanyoosha mkono na kujizungusha. Alipata ukanda mrefu usio na dari wala sakafu. Ukanda huo tungeweza kuuonyesha hivyo hivyo kwa kuzuia mtu asitazame juu wala chini, lakini kabati zake za karibu zilikuwa zimekatika na meza moja ina miguu mitano. Nyoosha kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha fumba la pili: kidole kinahama kulinganisha na ukuta. Simu iliyo kwenye mkono ulionyooshwa inahama zaidi ya hapo, ndiyo maana vitu vya karibu havikuungana sawasawa. Sisi tunafunga kamera kwenye kichwa maalumu cha tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ili izunguke kwenye kitovu cha lenzi yenyewe, na kukipata kitovu hicho ni kazi ya kurudia kwa subira kwa kila lenzi. Duka lile tulilipiga upya, naye akapoteza siku mbili za biashara.

Mwenye nyumba ya wageni alizipata faili za asili. Tulikata vigae upya na tukamtoza, kwa kuwa kazi ilifanyika mara mbili, naye alilipa shingo upande. Sasa ukivuta karibu kwenye chumba cha juu unaona mistari ya shuka.