Mussa, mbuzi nitalipa, ila kwanza nisikilize kuhusu viti vya Babu

Lincoln, Nebraska
Februari 2026

Mussa kaka,

Habari za siku nyingi, shemeji hajambo, watoto shule vipi? Sisi huku wazima, baridi tu ndo inatuua, juzi gari imegoma kuwaka alfajiri nikafika kazini nimechelewa nusu saa na jamaa wakanikata hiyo nusu saa bila huruma.

Najua umenuna. Siku ile Iowa walipotuchapa sisi Nebraska ulinitumia voisi tatu za kicheko kitupu, halafu ya nne ukaniuliza mbuzi wako kafikia wapi, na mimi nikapiga kimya mpaka leo. Sikukasirika bana. Yaani nilikasirika, ila sio na wewe.

Mbuzi nitalipa, hilo tulimalize hapa hapa. Dau lilikuwa kocha wetu Rhule apate ushindi tisa mwaka wake wa tatu kwenye hii futiboli ya Kimarekani ya vyuo, tumepata saba, tena Utah wakatumalizia kule Las Vegas 44 kwa 22, sina utetezi. Ila nikukumbushe, 2023 ninyi Colorado mlipotupiga 36 kwa 14 pale Boulder nililipa wiki ileile, na 2024 tulipowapiga 28 kwa 10 hapa nyumbani wewe mbuzi ulimleta Desemba, na mbuzi mwenyewe kakonda utadhani naye alikuwa kwenye hiyo timu yako. Kwa hiyo nipe nafasi nipumue.

Kilichonifanya nishike simu kuandika yote haya ni Babu wa jirani. Yule aliyekupa koti jekundu ukakataa kulivaa ukakubali kutetemeka. Babu ana viti viwili uwanjani, upande wa mashariki, kavirithi kwa baba yake. Sasa goti limezikataa zile ngazi. Jumapili iliyopita kaja kanigongea na theluji yote ile, na fimbo, akasema msimu ujao haendi na hataki viti vikaliwe na mtu asiyemjua, je, mimi nitavitaka? Nalipia msimu mzima, jina linabaki lake. Unajua mwenyewe uwanja ule tiketi zinaisha kila mechi tangu Novemba 1962, haijapita hata moja, wameshinda tisini, wameshindwa tisini, watu wamo tu. Mtu kukugongea mlango akakupa viti pale ni kama kakupa fremu Kariakoo.

Pesa ndo hiyo sasa. Peke yangu siiwezi. Nikamfuata Shabani tugawane nusu kwa nusu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tulikuwa kwa Mama Neema, pilau iko mezani, watu wametulia zao, mimi namwambia taratibu kumbe Shabani alikuwa na yake moyoni tangu msimu uishe. Akaweka sahani chini kabisa. Akasema yeye hatoi hata senti kumi kwa ajili ya Rhule. Oktoba wamempa mkataba mpaka 2032, tena kwa hofu tupu kwamba chuo cha Penn State watamchukua kwa vile alichezea huko enzi za uanafunzi wake, na tangu asaini kashinda mechi moja kati ya tano. Moja! Na hao hao Penn State ndo wakatupiga 37 kwa 10. Mzee wa Kigoma akacheka mpaka chai ikampalia. Yaani bibi harusi unamwongezea mahari asiolewe kwingine halafu ukweni kwenyewe wanakuchapa.

Sasa mimi utetezi wangu unaujua, nimeuimba miaka mitatu. Rhule chuo cha Temple alianza na ushindi miwili vichapo kumi, mwaka wa pili sita kwa sita, wa tatu akashinda kumi. Chuo cha Baylor alianza na mmoja tu, mmoja kati ya kumi na mbili, mwaka wa pili saba, wa tatu kumi na mmoja. Mara mbili, vyuo viwili tofauti, mwaka wa tatu ndo anatoboa. Nikaweka imani yangu yote hapo, nikaweka na mbuzi. Hapa kwetu: tano, saba, saba. Mwaka wa tatu umegoma.

Nikawaambia basi, mnataka afukuzwe halafu iweje? Si tumeshafanya hivyo? Kocha Solich kaondolewa 2003 ana ushindi tisa, kocha Pelini kila mwaka tisa au kumi, miaka saba mfululizo, kaondolewa 2014 wakasema tisa hazitoshi. Leo mtu akitupa tisa tutambeba mabegani mpaka Omaha. Halafu wakamleta Frost, mtoto wa nyumbani, kotabeki, yaani yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, wa ubingwa wa 1997, kila mtu analia kwa furaha, matokeo yake ushindi 16 vichapo 31. Na kumfukuza kwenyewe, kumbuka ilikuwa Septemba 2022, wangevumilia wiki tatu tu mpaka Oktoba fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi saba na nusu, wakashindwa kuvumilia. Milioni saba na nusu kwa wiki tatu kaka! Ni kama Manchester baada ya Ferguson, kila anayekuja anabomoa ukuta wa aliyetangulia, tofali halijakauka kaja mwingine. Au usiende mbali, si unazijua Simba na Yanga, sare mbili tu kocha anatafutiwa tiketi ya ndege.

Nikadhani nimemaliza. Shabani akasema neno moja tu, Indiana.

Dah. Hapo sina jibu Mussa, na wewe usijifanye unalo. Indiana! Timu ambayo tulikuwa tunaihesabia ushindi kabla hata ya kufika uwanjani. Kocha wao Cignetti kaja mwaka mmoja baada ya Rhule, kakuta timu imeshinda tatu tu, mwaka wa kwanza kashinda kumi na moja, na moja kati ya hizo ni ile 56 kwa 7 aliyotupiga sisi, mwaka wa pili mechi kumi na sita zote na ubingwa wa nchi. Ligi ileile, sheria zilezile, wachezaji wanahama kila Januari kama wapangaji, vyuo sasa vinawalipa waziwazi, kila mtu anayo hiyo nafasi. Kwa hiyo Shabani anauliza, subira ya nini? Zamani ulikuwa unasubiri mtoto akue miaka minne, sasa mtoto mwenyewe hakai miaka minne. Si umeona kotabeki wetu Raiola, baba yake kacheza hapa, baba yake mdogo alikuwa kocha hapa hapa, picha lake kila ukuta, kavunjika mguu kwenye mechi na chuo cha USC, alipopona nusu kahamia Oregon.

Nikajitetea na ninyi, samahani. Nikasema haraka haraka ndo ile ya kocha wenu Deion, kaingia Colorado kawaambia vijana waanze kufungasha, zaidi ya hamsini wakaondoka, kaleta wake, kaleta na mwanaye, kweli alikuta timu ya ushindi mmoja na 2024 ikapata tisa na mchezaji wake Travis Hunter akabeba Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Halafu Hunter kaenda, mtoto kaenda, 2025 mmeshinda tatu. Tatu, Mussa, na bado unanicheka mimi mwenye saba, nyani haoni kundule. Mama Neema akasema nyinyi wote ni wagonjwa, mpira wenyewe unachezwa kwa mikono. Lakini hata nilipokuwa nayasema hayo nilijua Indiana bado imekaa pale mezani haijaguswa.

Halafu tukaharibu. Shabani akaniambia mimi naitetea Nebraska kama mtu anayetafuta kuhurumiwa na Wazungu, eti nimepewa koti jekundu basi nimekuwa mtumwa wa koti. Mbele za watu. Na mimi nikamwambia maneno siwezi kuyaandika hapa, ya ile deni ya gari, unayajua. Tangu siku ile hatusemeshani. Kazini tunapishana kama magari.

Na linaloniuma ni kwamba hakukosea lote. Mwaka wa kwanza huku sikuwa na mtu. Babu ndo aliyenipeleka pale, kaninunulia ile mikate yao yenye nyama na kabichi ndani, runza, kanieleza kila kitu mara mbili mbili na Kiingereza changu kile, na walipofunga mara ya kwanza maputo mekundu maelfu yakapanda juu, enzi hizo bado wanaachia kabla hawajaacha kwa uhaba wa hewa ya helium, nikajikuta napiga kelele na watu nisiowajua. Tulishindwa siku ile. Sijui kama ni kuhurumiwa. Labda. Ila Rhule akifanya vibaya nakuwa kama namtetea Babu, ndo maana nachemka haraka, si unanielewa?

Juzi nikaenda kumuuliza Babu mwenyewe. Nikasema kocha huyu unamwonaje, tumpe muda au vipi? Nilitegemea anipe hotuba, mtu kaona ubingwa wote mitano pale au kwa runinga. Akafikiri weee, akasema Septemba jua la mchana linakupiga usoni upande ule, kuanzia robo ya tatu huoni kitu, nunua kofia nzuri. Basi. Akarudi kwenye supu yake.

Kwa hiyo kaka, utachukua nusu ya vile viti? Najua ni saa saba barabarani na najua utaniambia mshabiki wa Colorado hawezi kulipia viti vya sisi Nebraska, wamenya mahindi, lakini si kila mechi, unachagua tatu nne unakuja, unalala hapa, shemeji naye apumzike na kelele zako. Mbuzi tukimkata kwenye hiyo pesa utakubali au utataka nyama? Ukija utavaa nini, maana Babu kasema rangi yoyote ila sio ile nyeusi na dhahabu? Na Shabani amekupigia? Amesema nini kuhusu mimi? Ukimwambia viti bado viko wazi kama kiti kimoja hukitaki, atakuja? Usimwambie nimesema mimi. Au mwambie tu. Na wewe kwa ukweli wa moyo, Deion unampa mwaka mwingine?

Babu anataka jibu kabla Machi haijaisha.

Msalimie shemeji na watoto,
Hamisi

Nimesahau: lile koti bado liko kwenye kabati langu. Linakutosha.