Mazoezi ya nyonga kwa simu yaanzie zahanati

Mhariri,

Siku hizi kila anayezungumzia kuwafikishia wanawake wa vijijini mazoezi ya misuli ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini, hutaja simu janja na video. Sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tunaunga mkono huduma ya mbali, ila video si pa kuanzia. Mama anayevuja mkojo akikohoa au akijitwika ndoo anahitaji kwanza mkono wa mkunga, kisha simu, na hapo kitochi kinatosha kabisa.

Ukimwambia mtu kwa simu "bana", wengi hukaza makalio na mapaja, huzuia pumzi, au husukuma chini kama wanaojisaidia. Anayesukuma anajiongezea tatizo, hasa kizazi kikiwa kimeanza kushuka, na aliye upande wa pili wa simu hana namna ya kulijua hilo. Mkunga mwenye glavu hulijua papo hapo kwa kidole kimoja ukeni: mama akibana sawasawa, kidole hukazwa na kuvutwa ndani, akikosea, husukumwa nje. Maneno yanayoeleweka ni haya: "Bana kama unayezuia ushuzi mbele za wakwe, vuta juu, na uendelee kupumua." Asizoee kukatiza mkojo chooni kama zoezi, kwa sababu kibofu huweza kubaki na mkojo.

Safari ya ziada haihitajiki. Mama humleta mtoto kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Wiki ya 6 mkojo wa mama upimwe maambukizi, kisha afundishwe akiwa chali, magoti yamekunjwa: abane sekunde 3, alegeze sekunde 3, mara 8, asubuhi, mchana na jioni. Kulegeza kusirukwe, msuli usiopumzika huchoka na kuacha kuitika. Aongeze sekunde taratibu hadi 10, kisha afanye akiwa ameketi, halafu amesimama. Ajizoeze pia kubana kabla ya kupiga chafya na kabla ya kunyanyua dumu la lita 20. Wiki ya 10 na ya 14 mkunga arudie kukagua.

Mazoezi haya yanataka walau miezi 3, na wengi huyaacha mapema kwa kuwa nguo bado zinalowa. Hapo ndipo simu ina kazi. Ujumbe wa maandishi haufai, maana simu yenyewe huenda ni ya mume, naye atausoma kabla ya mlengwa. Wakubaliane zahanati siku na saa. Mama abipu, mhudumu apige, vocha iwe ya kituo. Aulize yanayohesabika: jana umebana mara ngapi? Umebadilisha vitambaa vingapi? "Unaendeleaje?" hujibiwa "namshukuru Mungu", na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali moja litangulie yote, kabla hata ya kufundisha: kuna saa yoyote unakuwa mkavu? Mkojo unaotiririka usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu huashiria fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na mazoezi hayazibi tundu. Huyo apewe rufaa siku hiyohiyo. Tundu dogo na jipya laweza kujifunga kwa mpira wa mkojo ukikaa wiki kadhaa; likichelewa ni upasuaji, ambao hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huufanya bila malipo.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Morogoro